Mkate wa Wishwa: Ni Nani Aliyemtorosha Fumo Liyongo?

Katika shule nyingi za upili humu nchini, mwanafunzi hukutana na Fumo Liyongo kwa mara ya kwanza chini ya kichwa 'Mighani'. Mwalimu huliandika jina ubaoni, hulipigia mstari, kisha huorodhesha sifa za shujaa: kimo kikubwa, nguvu zisizo za kawaida, ujasiri, kipawa cha ushairi, siri ya kifo chake, usaliti wa jamaa. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na Liyongo hufungiwa daftarini kuungoja mtihani. Nami nilimfunza vivyo hivyo. Makala haya ni ungamo la mtu aliyemfunza vibaya, na pia ni ombi kwa wenzangu ambao muhula ujao watashika chaki.

Nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu, kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana, wakati ambapo hata mwalimu mwenyewe husinzia. Niliposimulia jinsi Liyongo alivyokata minyororo, nikaona kichwa kimoja nyuma ya darasa kimeinama mno. Nikamwendea mwenyewe kwa hatua za paka. Chini ya dawati palikuwa na kitabu kisicho na jalada, kurasa zimekunjamana kwa kupita mikono mingi: My Life in Crime cha John Kiriamiti. Nikakichukua.

Sina haja ya kumweleza msomaji wa Kenya kitabu hicho ni kipi. Kilitoka 1984, mwandishi wake akiwa mtu aliyefungwa mapema miaka ya 1970 kwa wizi wa mabavu na aliyeuandika mswada wake akiwa gerezani. Mhusika mkuu, Jack Zollo, huiba, hujificha, huponyoka, na polisi huachwa wakishika hewa. Mimi mwenyewe nilikisoma bwenini kwa mwanga wa tochi, blanketi kichwani. Bado nilikipokonya, maadamu sasa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Kijana akainua mkono. "Mwalimu," akasema, bila ya ukaidi wowote, "umeninyang'anya kitabu cha mtu anayewakwepa polisi ili nikusikilize ukisimulia habari za mtu anayewakwepa askari. Tofauti yao ni nini?"

Darasa likaangua kicheko. Nikajibu upesi, kama ajibuvyo mtu asiye na jibu, kwamba Liyongo ni shujaa na Zollo ni mhalifu.

"Ni nani aliyesema?" akauliza.

Kengele ikaniokoa.

Usiku ule niliurejea utendi. Nakala yangu ni ile iliyomo katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu alichokihariri M. M. Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 1999. Utendi huu uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Huyu alikuwa mchonga nakshi, mwandishi wa hati na mshairi, na aliyatunga upya masimulizi yaliyokuwa midomoni mwa watu wa pwani tangu zamani. Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapisha masimulizi ya Liyongo katika Swahili Tales mwaka 1870. Kuhusu karne aliyoishi shujaa mwenyewe wataalamu hawajaafikiana, na si hoja yangu hapa. Nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa kidogo sana: kosa la Liyongo. Alishtakiwa kwa lipi?

Nilisoma hadi nikachoka, sikuliona. Liyongo hakuiba wala hakuvunja nyumba ya mtu. Waoromo, ambao utendi unawaita Wagala, walikuja Pate, wakasikia sifa zake, wakaomba kumwona. Walipomwona wakastaajabu na kutisha, wakataka awe mkwe wao ili wapate mbegu ya mtu wa namna ile. Sifa zikawa sifa, na mtawala wa Pate, Daudi Mringwari, akaingiwa na hofu ya kiti chake. Kwa hiyo mtu huyu alisakwa, akafungwa na kuhukumiwa kifo kwa sababu watu walimsifu. Hiyo ndiyo sheria iliyomfanya mtoro, na Kijumwa hataki tuisahau. Nusu ya jibu la mwanafunzi wangu nikawa nimeipata.

Nusu ya pili ilinichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo iliyonifanya nione aibu ya orodha yangu ya ubaoni. Sisi husema kuwa Liyongo alitoroka kwa nguvu na ujasiri. Hebu turejee gerezani tutazame.

Nguvu zake zilimsaidia nini? Alikuwa na kimo na misuli, na bado alitiwa pingu. Nguvu ndizo zilizomtia mfalme hofu, na hofu ndiyo iliyomtia yeye gerezani. Tangu mlango ulipofungwa hadi minyororo ilipokatika, hakuna hatua hata moja iliyotimizwa kwa nguvu peke yake. Kila hatua ilipitia mikono ya watu ambao mwongozo wa kusahihisha hauwataji.

Mamaye humpikia chakula kizuri. Kijakazi Saada hukibeba kila siku hadi mlangoni. Walinzi hukipokea, hukila, humwachia mfungwa makombo. Hapa pana jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: walinzi hawa wameshiba, na mtu aliyeshiba chakula cha mwingine hachunguzi sana. Liyongo anaujua udhaifu huu kwa sababu njaa yake ndiyo inayomfunza. Hivyo anatunga shairi na kumpa Saada alichukue kwa mama. Ujumbe ni kwamba mama aoke mkate wa wishwa, yaani wa pumba zinazopepetwa na kutupwa, na katikati yake atie tupa ya kukatia chuma.

Fikiria hila hii ilivyopimwa. Mkate wa unga mweupe ungeliwa na walinzi, na meno yao yangeigundua tupa. Mkate wa wishwa wataucheka, kwa kuwa ni chakula cha mtu duni kwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Kilichoipitisha tupa mlangoni ni dharau ya walinzi. Laiti wangekuwa na heshima kidogo kwa mfungwa wao, au kwa chakula cha maskini, wangeukata.

Na shairi je? Walinzi walikuwapo. Masikio walikuwa nayo, na lugha ilikuwa ni lugha yao. Kilichowakosa ni kule kudhani kwamba wimbo wa mfungwa unaweza kuwa na maana. Waliusikia kama tusikiavyo redio ya jirani. Sisi wanafunzi wa fasihi tuna kila sababu ya kusimama hapa, kwa maana katika simulizi hili walioshindwa walishindwa katika kazi yetu. Walikuwa na matini mbele yao, wakaichukulia kuwa burudani. Nikawaza: na mimi je, niliyesimama mbele ya darasa nikiligeuza shairi lile lile kuwa nukta moja, 'kipawa cha ushairi', alama moja?

Tena yupo Saada. Huyu ni mtumwa. Hakuna aliyemwahidi chochote. Anabeba kichwani mwake shairi ambalo lingetosha kumuua, akipita mbele ya watu wenye silaha, tena analibeba bila kulipoteza neno, kwa sababu neno moja likipotea tupa haifiki. Kisha anarudi njia ile ile akiwa na mkate. Ikiwa ushujaa ni kuhatarisha roho pasi na tamaa ya ufalme, basi katika utendi mzima simwoni anayemzidi. Liyongo alikuwa afe kwa vyovyote. Alichokihatarisha Saada hakikuwa kimekwisha kuhukumiwa. Pamoja na hayo, nimepitia madaftari ya wanafunzi zaidi ya arubaini wa darasa lile na jina lake sikuliona, na aliyewasomesha ni mimi.

Mwenzangu mmoja wa uzamili, niliyemsomea rasimu ya hoja hii, alinipinga vikali. Alidai kuwa ninamvua Liyongo nguo ili nimvike kijakazi. Aliyebuni hila ni nani? Aliyetunga shairi ni nani? Bila ubongo wa Liyongo, Saada angeendelea kubeba wali wa walinzi hadi siku ya kitanzi. Nakiri kwamba hoja hii ina uzito, wala sisemi kuwa Liyongo hakuwa na akili. Ninalosema ni kwamba akili yake ilikuwa ya mtu anayejua kuwa peke yake hatoki. Aliitunga hila ambayo isingetimia pasipo wengine, na huo ndio werevu wake. Tukimsifu kama nyati aliyevunja zizi, tunamwibia sifa hiyo.

Ushahidi wangu mkubwa ni ngoma. Mfungwa anapoulizwa ana haja gani kabla hajafa, anaomba gungu. Ombi la mtu wa mwisho halikataliwi, na mji unakusanyika: ngoma, matoazi, pembe, sauti za waimbaji. Katika kishindo kile tupa inakata chuma. Mji mzima wa Pate unamficha mtoro ndani ya mdundo wake, na wengi wao hawajui wanachokifanya. Wanakuja kumwaga mtu, kumbe wanamfungulia. Walinzi wanakuja kushtuka, minyororo imekwisha kukatika, mlango umevunjwa, nao wanatimua mbio. Hapo ndipo nguvu zinapoingia, mwishoni, baada ya kila mtu kufanya sehemu yake.

Kuna tukio jingine, la msituni, ambalo wanafunzi hulipenda zaidi. Wawindaji wanaahidiwa fedha na mfalme, wanamwalika Liyongo kwenye kikoa cha makoma, na kila mmoja anakwea mkoma kwa zamu ili apigwe mshale akiwa juu zamu yake itakapofika. Liyongo hakwei. Anavuta upinde na kuyadondosha makoma kutoka chini. Ni kweli kwamba hapa yuko peke yake, na hapa pana werevu na ustadi wa mkono. Silikatai tukio hili. Ni tamu mno. Ila sioni kwamba linatosha kutuambia Liyongo alikuwa nani. Kila mwindaji hodari angeweza kuwa shujaa wa mkoma. Shujaa wa mkate ni wachache.

Nilipofika hapo nikakumbuka mkate mwingine. Katika mchezo wa kuigiza wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo uliotolewa kwa Kiingereza mwaka 1976 na ambao sisi tunaujua kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, yupo Mwanamke anayekwenda kumwokoa Dedan Kimathi aliye kizimbani. Silaha yake ni bunduki. Imefichwa wapi? Ndani ya mkate. Na wanaokuja kuubeba mkate huo ni mvulana na msichana wa mitaani, watoto ambao hakuna askari angewapa heshima ya kuwapekua vizuri. Sidai kwamba waandishi hao walimfuata Kijumwa. Sina ushahidi na sitaki kuubuni. Ninachokiona ni kwamba, kutoka Pate hadi Nyeri, mtunzi anapotafuta jinsi mnyonge anavyompiku mwenye bunduki, mkono wake unakwenda jikoni, kwa mwanamke na kwa kitu ambacho mwenye mamlaka hakidhani kuwa kina tumbo.

Historia ya Kimathi nayo inalijibu swali la kijana wangu kwa njia ambayo darasani sikuithubutu. Serikali ya kikoloni ilimwita gaidi. Ilimsaka msituni kwa miaka, ikamkamata Oktoba 1956, ikamnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Nchi ikapata uhuru mwaka 1963, lakini amri ya kuipiga marufuku Mau Mau ilibaki vitabuni hadi 2003. Sanamu yake ilizinduliwa jijini Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa, katika barabara yenye jina lake. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni aliyeishika kalamu ya sheria. Mwanafunzi anapouliza "Ni nani aliyesema?", basi, haulizi utovu wa adabu. Anauliza swali la kwanza la uhakiki.

Na tusisahau jinsi alivyopatikana. Wakoloni walipoona kwamba wageni hawaujui msitu, waliwatumia wapiganaji waliotekwa au kujisalimisha, wakawavisha kama wenzao walioko msituni na kuwatuma kuwawinda. Mfalme wa Pate alikuwa amelifahamu jambo hilo kabla yao. Wawindaji walishindwa, walinzi walishindwa, akamtafuta mwana wa Liyongo mwenyewe. Akamwahidi ukubwa na ndoa. Mwana akaenda kwa baba, akamwuliza kwa upole ni kitu gani kinachoweza kumuua, na baba akamtajia sindano ya shaba kitovuni. Aliyejificha ndani ya mkate akauawa na kilichofichwa ndani ya swali la mapenzi. Hila ni ile ile, imegeuzwa upande. Na mwana hakupata alichoahidiwa.

Baadaye maiti ya Liyongo inapiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wanashindwa kuteka maji kwa kuiogopa. Nimewahi kusikia ikifunzwa kuwa hii ni ishara ya nguvu zake hata mautini. Labda. Mimi naiona kiu. Mji uliomchezea gungu bila ya kujua ulipaswa sasa kujua, kwa makoo makavu, ni nani aliyeuawa kwa niaba yake.

Sasa nirudi kwa Zollo, kwani sitaki msomaji aseme kuwa nimemkimbia. Rahisi ingekuwa kutoa kipimo hiki: mtoro aokewaye mkate ni shujaa, asiyeokewa ni mhalifu. Hakitufikishi mbali. Jambazi naye ana mama, na mama huoka. Katika mtaa nilikokulia, wazee walikuwa bado wakitusimulia kuhusu Wanugu, Rasta na Wacucu, ambao polisi waliwasaka miaka ya 1990, na katika mchezo wetu wa polisi na majambazi hakuna mtoto aliyekubali kwa hiari kuwa polisi. Tulikuwa tukiwashangilia watu ambao, lau wangeingia kwetu usiku, tungelia. Nimekwisha kuona pia jirani akililiwa na nusu ya ploti huku nusu nyingine ikisema afadhali ameenda. Pande zote mbili zilikuwa na sababu.

Kwa hiyo kipimo changu kina sehemu mbili, na sidai kuwa kimekamilika. Kwanza, sheria inayomsaka inamlinda nani? Ya Pate ilikilinda kiti. Iliyomsaka Zollo ililinda benki, ni kweli, lakini pia ilimlinda karani wa benki aliyelazwa kifudifudi sakafuni, mtu ambaye ana mama wake na mkate wake. Pili, wanaomsaidia wanapata nini? Wanaomsaidia Zollo hugawana. Saada hagawiwi. Hapo ndipo ninapowatenga wawili hawa, na ndilo jibu nililompa kijana wiki iliyofuata, nilipomrudishia kitabu chake na kumwomba alete hoja zake mbele ya darasa. Alileta. Hakukubaliana nami katika kipimo cha kwanza. Alisema kuwa sheria ya leo pia ina viti inavyovilinda. Sikumkosoa.

Kuna kisa ambacho marehemu Ngũgĩ alikieleza mwenyewe, nami nilikisimulia siku hiyo. Riwaya yake ya Matigari ilipotoka kwa Gĩkũyũ mwaka 1986, watu walianza kuzungumza juu ya mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza habari za ukweli na haki. Wakuu wakasikia, amri ikatolewa mtu huyo akamatwe. Polisi walipogundua kwamba wanamsaka mhusika wa riwaya, wakavigeukia vitabu na kuvitwaa madukani mwaka 1987. Darasa lilicheka hadi walimu wa jirani wakachungulia. Sidhani kuna mtoro aliyewahi kuwachezea askari shere kuliko yule ambaye hakuwapo.

Mwisho wa muhula tulitoa mtihani. Swali la mighani lilikuwa lile la siku zote: 'Eleza sifa tano za shujaa ukirejelea Fumo Liyongo.' Kijana wangu aliandika nne za ubaoni, na ya tano akaandika kwamba shujaa hujua ni nani wa kumwamini, akatoa mfano wa Saada na mfano wa kinyume wa mwana. Nilimpa alama yake. Karatasi zilipopitiwa upya, alama hiyo ilikatwa kwa wino wa kijani, kwa kuwa haimo katika mwongozo. Niliuliza, nikaambiwa kwamba mwanafunzi afunzwe kujibu kinachotakiwa.

Wahadhiri wetu ndio wanaowafunza walimu watakaoiandika miongozo hiyo, na wengine wao huitunga wenyewe. Ombi langu kwao ni swali moja tu katika karatasi ya fasihi simulizi mwaka ujao, nalo ni hili: 'Jadili nafasi ya Saada katika kutoroka kwa Fumo Liyongo.' Kama tatizo ni kukosekana kwa mwongozo wa kusahihisha, nimekwisha kuuandika, na uko kwa mhariri wa jarida hili kwa yeyote anayeutaka.